Vumbi Halina Haraka

Wanangu, jambo la kwanza mnalofanya mkishanunua pikipiki ni kufungua boksi la filta na kuitupa filta. Mnasema inaibana injini. La pili, mnakata bomba la moshi ili ilie. La tatu, mnabandika stika. Halafu mnapakia magunia ya samaki na abiria juu yake, mnakimbizana kutoka Kinkondja hadi Kamina, na atakayefika wa kwanza ndiye shujaa wa kijiwe wiki nzima. Na stika sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na mfuko wenu. Faranga ya kuongeza mwendo au kelele inatoka upesi. Faranga ya kuzuia uchafu usiingie ndani ya mashine mnaionea uchungu. Huku kwetu porini mashine haifi kwa kukosa nguvu. Inakufa kwa kitu kilichoingia ndani yake mwenyewe akiwa anaimba.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Injini ya cc 125 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, nawe umekunja mkono wote, inameza hewa lita 300 hivi kila dakika. Kwa saa moja ni lita 18,000. Weka hewa hiyo kwenye mapipa ya mafuta ya lita 200, utapata mapipa 90. Sasa jiulizeni ni hewa ya wapi. Ni hewa ya Agosti, mvua ilikatika tangu Aprili au Mei, nyasi chini ya miti ya miombo zimechomwa, majivu yanaelea, na wewe uko mita tano nyuma ya mwenzako unayetaka kumpita. Mapipa 90 ya hewa hiyo yanapita kwenye tundu uliloliondolea kizuizi kwa mkono wako.

Chembe ya vumbi haiungui ndani ya silinda. Inanata kwenye oili nyembamba iliyopakaa ukuta, na ringi za pistoni zinapopanda na kushuka zinausugua ukuta huo kwa chembe hiyo maelfu ya mara kwa dakika. Hutasikia kitu. Vumbi halina haraka. Miezi inapita, kisha asubuhi moja pikipiki inatoa moshi wa buluu, oili inapungua bila kuvuja popote, na kilima ulichokuwa ukikipanda kwa gia ya tatu sasa kinataka ya pili. Hapo kijana anakuja gereji akisema kabureta imeharibika, na ameshaichokonoa kwa waya. Kabureta haina kosa. Silinda imekwisha, na fedha ya kuichonga upya pamoja na pistoni na ringi zake ingemnunulia filta za miaka.

Basi sikilizeni namna ya kuitunza, maana hata walioiacha mahali pake wengi wanaiosha vibaya. Filta ya sifongo haioshwi kwa petroli: petroli inakula gundi ya mshono, mshono unaachia, nawe unaendelea kuamini kwamba una filta. Ioshe kwa maji ya sabuni. Ikamue kwa kuibana kati ya viganja, usiisokote. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, kisha itie oili safi na uikamue tena mpaka isidondoke. Oili ndiyo inayokamata vumbi. Sifongo kavu inazuia mende tu. Filta ya karatasi haitaki maji wala oili. Igonge taratibu, mwombe kwado, fundi wa tairi mwenye kompresa, aipulize kwa upole kutoka ndani kwenda nje, na ikishakuwa nyeusi nunua nyingine. Pakeni grisi kidogo kwenye ukingo ambapo filta inakalia boksi, kwa sababu vumbi hupenda kupita pembeni. Kisha ingiza kidole safi kwenye mpira unaotoka boksini kwenda kwenye kabureta. Kikitoka na mchanga, safari imeahirishwa.

Baadhi yenu mliiona Yamaha AG100 mkiwa wadogo, ile ya misheni na ya watu wa afya, na nadhani mliicheka kwa ubovu wa sura. Herufi AG ni za kilimo. Ilitengenezwa kwa wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand, injini haifiki hata cc 100, mwendo wake si wa kujisifia mbele ya mtu. Lakini itazameni vizuri siku mtakapoiona. Mnyororo wake umefungiwa wote ndani ya kasha, hauoni mchanga. Usukani una kinga za kulinda vishikio vya klachi na breki. Ina stendi kushoto na kulia, ili uiegeshe popote ardhi inapokuelekeza. Aliyeichora alianza kwa kujiuliza uchafu utaingilia wapi na mashine itaangukia wapi, ndipo akafikiria mengine. Ndiyo sababu mashine ya namna hiyo ilienea Afrika nzima kwenye njia ambazo gari linakata tamaa.

Na kwetu kufika si jambo la majigambo. Mwaka 2017, polio ilipozuka katika mkoa wetu wa Haut-Lomami, na mwaka 2019, surua ilipoua watu zaidi ya 6,000 nchini kote kufikia mwanzo wa mwaka uliofuata, chanjo ilitakiwa ifike vijijini ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kisanduku chenye vipande vya barafu hakimsubiri motari atafute spana. Barafu ikiyeyuka njiani, kilichobebwa ni maji ya moto ndani ya chupa ndogo. Kijana anayesafirisha kisanduku hicho kwa pikipiki isiyo na filta anacheza na watoto wa watu.

Vumbi nimelimaliza. Sasa maji, na hapa nataka mtulie, maana maji hayana subira ya vumbi. Yanaua injini kwa pigo moja.

Kuanzia Oktoba mpaka Aprili kila bonde kati ya hapa na Kabongo, kati ya hapa na Malemba-Nkulu, linaweza kuwa mto. Mnafika na kasi, mnaona mwenzenu amevuka, mnaingia. Shukeni. Vukeni kwa miguu kwanza na fimbo mkononi, mjue kina na mjue mashimo. Ikiwa maji yatafika kwenye mlango wa hewa wa injini, zimeni, funikeni mlango huo kwa mfuko wa nailoni, na isukumeni, au ibebeni mkiwa watu wanne. Tena msiingize gurudumu lililopata moto moja kwa moja kwenye maji ya baridi. Kitovu cha gurudumu kikipoa ghafla, hewa iliyo ndani inanywea na kuvuta maji kupita kwenye sili, na beringi inaanza kuoza siku hiyo hiyo. Subirini kidogo. Kuleni muhogo wenu.

Mashine ikizama, kosa la kwanza la kila kijana ni kupiga kiki. Anaogopa wenzake watamwacha, anapiga kiki kwa nguvu zote, au mbaya zaidi wanaisukuma kwa kasi na kuachia klachi. Pistoni inapopanda inagandamiza hewa iwe ndogo mara tisa hivi, na hewa inakubali. Maji hayakubali. Pistoni ikikuta silinda imejaa maji, kinachosalimu amri ni konrodi: inapinda, na safari yako imekwisha hapo, kilomita themanini kutoka kwa fundi.

Funga ufunguo. Toa plagi. Inua gurudumu la mbele juu ili maji yaliyo kwenye bomba la moshi yatoke nyuma. Fungua skrubu iliyo chini ya kabureta umwage kilichomo. Toa filta. Sasa ndipo upige kiki, plagi ikiwa nje, mpaka tundu liache kutema maji. Kisha chungulia oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia chini, na ukiendesha hivyo beringi za ndani zitakwisha kabla ya kufika. Badilisha. Kama huna oili ya kubadilisha, na najua mara nyingi hamna, lala hapo. Maji ni mazito kuliko oili, yatashuka usiku. Asubuhi, kabla ya kuigusa mashine, legeza nati ya chini polepole, acha maji yatangulie kutoka, na ukiona oili inaanza kufuata, funga. Hiyo si dawa. Ni ruhusa ya kurudi nyumbani taratibu, na ukifika unabadilisha oili yote, unaendesha kidogo, unaibadilisha tena.

Mmoja wenu amekuwa akinionyesha kwenye simu pikipiki za magurudumu manne zinazoshindana msituni kule Marekani, mashindano yanayoitwa GNCC, wanakimbia saa mbili nzima katikati ya miti, matope na mawe. Anataka kuinunua moja siku moja. Sitamkatisha ndoto, ila namwambia atazame njia zetu kwanza. Mwaka 2010 Yamaha walitoa YFZ450X kwa ajili ya msituni na wakaipunguza upana kuliko ndugu yake wa viwanja vya mbio, ikawa sentimita 117 hivi, kwa sababu hata kule miti haimpishi mtu. Njia yetu ya Malemba imechimbwa na miguu na baiskeli. Upana wake ni wa tairi moja. Magurudumu ya upande mmoja yakiwa njiani, ya upande wa pili yatakuwa kwenye visiki. Tena ile ekseli ya nyuma ni moja, magurudumu mawili yanazunguka pamoja, haijui kulala kwenye kona. Anayelala ni dereva, kwa uzito wake wote, kona baada ya kona. Zilizotangulia, za magurudumu matatu, ambazo Honda walianza kuziuza Marekani mwaka 1970, zilipinduka na kuua watu wengi kiasi kwamba mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali kuacha kuziuza mpya huko. Gurudumu la ziada halimwongezei mtu akili.

Lakini akirudia kuzitazama video hizo, asitazame kuruka. Atazame wanavyoziandaa kabla ya mbio, maana hapo ndipo kuna shule ya bure. Vishikio vya breki na klachi hawavikazi mpaka mwisho kwenye usukani. Wanaviacha vikazike kiasi tu, ili mashine ikianguka vizunguke badala ya kukatika. Sisi tunakaza mpaka skrubu inalia, na kila wiki nawaona mnanunua kishikio kipya. Waya wa klachi wa akiba upitisheni kabisa kando ya ule unaotumika, ufungwe kwa plasta, ncha zake zimefunikwa zisiingie mchanga. Wa kwanza ukikatika gizani, kazi iliyobaki ni kubadilisha ncha mbili. Nati muhimu tieni alama ya rangi, mstari mmoja unaoanzia kwenye nati ukaishia kwenye chuma. Mstari ukivunjika, nati imegeuka, na umeiona kwa jicho bila spana. Na kuna kamba inayofungwa kwenye mkono wa dereva. Akidondoka, kamba inachomoka, injini inazima. Kwenye mbio hizo bila kamba hiyo huruhusiwi kuanza. Kwetu hakuna wa kukukagua mstarini, kwa hiyo jikague.

Mnyororo. Mnaukaza pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi, mnajisifu kwamba umenyooka, halafu mnapakia kilo mia mbili. Mzigo unaposhusha nyuma, mnyororo unavutika zaidi, unakula sproketi na beringi ya giaboksi. Pimeni ulegevu mtu akiwa amekalia kiti, ubaki wa vidole viwili. Uosheni kwa mafuta ya taa na brashi, ufuteni, ndipo mtie oili. Oili juu ya mchanga ni kunoa kisu. Sproketi yenye meno yaliyochongoka na kulala upande mmoja haifai hata ukinunua mnyororo wa dhahabu: badilisheni vyote pamoja. Na ninyi mnaonunua sproketi kubwa ya mbele ili mpate mwendo, mmefanya kinyume. Toa ya meno 14, weka ya 13, utapata nguvu ya kuvuta zaidi kwa karibu asilimia 8 kwenye mchanga na kilima, klachi haitaungua, na mwendo utakaopoteza ni ule ambao njia yetu haina mahali pa kuutumia.

Mzigo wenyewe mnaufunga nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, kwa sababu abiria anataka nafasi. Mbele inakuwa nyepesi, usukani unatikisika kwenye mchanga, nanyi mnasema mashine ina mashetani. Leteni uzito mbele na chini. Kisha kuna huu ufundi wa kufunga mbao kwenye shokapu isizame. Shokapu ikinyimwa kazi yake, kila shimo linaipiga fremu. Osheni pikipiki vizuri na mtazame pale shokapu inaposhikana na fremu, na chini ya kiti: ukiona mstari mwembamba wa kutu unapita kwenye rangi, huo ni ufa. Ukimpelekea mchomeleaji, mwambie atoe waya za betri kwanza, la sivyo umeme wa kuchomelea utakuunguzia vifaa vya taa na vya plagi, kisha utamlaumu mchawi.

Petroli ya kwa Kadhafi, muuza petroli wa barabarani, imimineni kwanza kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, mngoje kidogo. Maji yatakaa chini kwa mstari. Nanyi mkinunua oili, tazameni kama pete ya kifuniko haijakatwa: chupa mpya yenye oili iliyochemshwa ipo sokoni, na pua ya mtu mwenye subira inaijua. Kitabu cha pikipiki kinasema kilomita nyingi kati ya oili na oili, lakini mwandishi wa kitabu alidhani una lami. Kwetu mchangani kata hesabu yake nusu.

Nilitaka kuishia kwenye vyuma, lakini kuna jambo linanikera kuliko filta. Mbio zenyewe. Kule msituni Marekani njia imefungwa, imewekwa alama, kuna watu wa kuonya kwenye kona. Njia mnayokimbizana ninyi haikufungwa kwa ajili yenu. Ni ya mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni. Ni ya yule mwanamume anayesukuma baiskeli yenye magunia matatu ya makaa, ambaye akitoka njiani hawezi kuirudisha peke yake. Mnampigia honi toka mita kumi, anaangusha mzigo wa siku mbili, mnacheka, mnapita. Mjomba wa nani yule? Ukoo wetu hauko mbali hivyo. Siku mtakapopata uwanja na mtu wa kusimamia, niiteni nije kushika bendera, na nitashangilia kwa sauti. Lakini kwenye njia ya watu mpunguze mpaka mwenye beseni asikie salamu yenu, si injini yenu. Sitaki kusikia tena kwamba abiria ndiye aliyeomba haraka. Abiria haoni breki zako, wewe unazijua. Breki za ngoma zikishika tope hazishiki kitu kingine, na ukishavuka maji unapaswa kuzibana kidogo kidogo ukitembea polepole mpaka zikauke.

Mwisho, mfuko wa safari, maana kesho najua wawili wenu mnaondoka alfajiri. Spana ya plagi na plagi yenyewe. Spana za namba zinazolingana na nati zenu, si za kuazima. Kiungo cha mnyororo. Waya wa kufungia, plasta, kipande cha sabuni ya kuziba tangi likitoboka. Pampu, viraka na gundi ambayo haijakauka, mjaribu kufungua kabla ya kuondoka. Tyubu ya akiba moja inatosha, na kama magurudumu yenu ni ya inchi 17 mbele na nyuma, chukueni ile nyembamba ya mbele: itaingia nyuma kwa dharura mpaka mfike kwa kwado, lakini ile nene ya nyuma mkiilazimisha mbele itajikunja ndani ya tairi na kupasuka kabla ya kijiji cha pili.